Lyman Hall: Daktari aliyetia saini uhuru wa Marekani huku mashamba yake yakilimwa na watumwa

KATIKA jengo la Nyaraka za Taifa mjini Washington, Marekani, imehifadhiwa hati kuukuu iliyoandikwa juu ya ngozi, ikiwa na sahihi za watu 56. Hiyo ndiyo hati ya Tamko la Uhuru la mwaka 1776, ambalo kwalo makoloni 13 ya Uingereza yalijitangaza kuwa dola huru.

Safu ya mwisho upande wa kushoto wa hati hiyo ina majina matatu tu. Ni majina ya wajumbe wa Georgia, koloni changa kuliko yote wakati huo: Button Gwinnett, Lyman Hall na George Walton.

Huyo wa katikati, Lyman Hall, hatajwi sana nje ya nchi yake. Wamarekani wengi wenyewe humkumbuka kwa shida, kwani jina lake limefunikwa na majina makubwa ya akina George Washington, Thomas Jefferson na Benjamin Franklin.

Hata hivyo, maisha yake yanaeleza jambo ambalo maisha ya wakubwa hao pia yanalieleza, lakini kwake linaonekana kwa ufupi na uwazi zaidi. Alikuwa tabibu, mkulima mkubwa na mwanasiasa. Alihatarisha mali na shingo yake kwa ajili ya uhuru, na wakati huohuo mali hiyo ilikuwa imejengwa kwa jasho la watu walionyimwa uhuru.

Mchungaji aliyegeuka tabibu

Hall alizaliwa Aprili 12, 1724, katika mji wa Wallingford, koloni la Connecticut, kaskazini mwa makoloni hayo. Alisoma katika Chuo cha Yale na kuhitimu mwaka 1747, kisha akajifunza theolojia chini ya ami yake aliyekuwa mchungaji.

Mwaka 1749 aliwekewa mikono na kuanza kuongoza kanisa. Utumishi wake haukuwa na utulivu, kwani baadhi ya waumini hawakumtaka tangu mwanzo, na mwaka 1751 aliondolewa kutokana na tuhuma zilizogusa mwenendo wake. Alikiri makosa, akatubu na kurudishwa katika kundi la wahubiri, lakini ni dhahiri kwamba njia ya madhabahu ilikuwa imeingia miiba.

Ndipo akageukia utabibu. Katika zama hizo makoloni hayakuwa na chuo hata kimoja cha tiba. Cha kwanza kilianzishwa Philadelphia mwaka 1765. Aliyetaka kuwa tabibu alijifunga kwa tabibu mzoefu, akajifunza kuchanganya dawa, kufunga vidonda, kutoa damu na kusoma vitabu vichache vilivyokuwapo.

Mwaka 1757, akiwa na umri wa miaka 33, Hall alihamia kusini. Alifikia Dorchester katika koloni la South Carolina, na baada ya muda mfupi akavuka kwenda Georgia, katika eneo la Midway, kusini mwa mji wa Savannah.

Uhamisho huo haukuwa wa kubahatisha. Watu wa Midway walikuwa Wapuritani ambao wazee wao walitoka kaskazini, katika Massachusetts, wakakaa South Carolina kwa zaidi ya nusu karne, na kuanzia mwaka 1752 wakaanza kuhamia Georgia kutafuta ardhi. Hall alikwenda kwa watu wa dini yake na wa asili yake.

Koloni lililokataza utumwa, kisha likaukumbatia

Ili kuelewa jinsi tabibu huyo alivyotajirika, ni vyema kuitazama Georgia yenyewe.

Koloni hilo lilianzishwa mwaka 1733 chini ya James Oglethorpe na wadhamini waliokuwa London. Lengo lao lilikuwa kupata makazi ya wakulima wadogo wa Kizungu, ambao wangejitegemea na pia kuwa ngome dhidi ya Wahispania waliokuwa wakitawala Florida. Mwaka 1735 utumwa ulipigwa marufuku rasmi.

Sababu za marufuku hiyo zilikuwa za kiusalama zaidi kuliko za huruma. Wahispania waliwaahidi uhuru watumwa waliotoroka kutoka makoloni ya Waingereza, na wadhamini waliona hatari ya kujaza watumwa katika eneo la mpakani.

Walowezi wengi hawakuridhika. Waliwatazama majirani zao wa South Carolina wakitajirika kwa mpunga uliolimwa na Waafrika, wakataka nao wapate. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, marufuku iliondolewa kuanzia mwaka 1751. Mwaka mmoja baadaye watu wa Midway walianza kuingia, wakiwa na watumwa wao.

Kilimo cha mpunga katika pwani ile kilikuwa kazi ngumu. Vinamasi vilifyekwa, miti mikubwa ikang'olewa, matuta na mifereji ikachimbwa kwa majembe ya mkono, na watu wakashinda ndani ya maji na tope chini ya jua kali. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Waafrika, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Magharibi, zikiwamo sehemu za Senegambia na Sierra Leone, ambako mpunga ulikuwa umelimwa kwa karne nyingi.

Kwa maneno mengine, walichukuliwa mikono yao na ujuzi wao pia. Wazao wao, wanaojulikana kwa jina la Wagullah-Geechee, wangali wanaishi katika pwani hiyo, wakiwa na lugha na desturi zenye mizizi ya Kiafrika.

Hall alipata shamba kilomita chache kutoka kanisa la Midway, lililojulikana kama Hall's Knoll. Alikuwa pia na nyumba katika mji wa bandari wa Sunbury, ulioanzishwa mwaka 1758 na ambao kwa muda ulishindana na Savannah kwa biashara. Kama majirani zake, alimiliki watumwa.

Homa ya vinamasi

Kazi ya udaktari haikukosa wagonjwa. Vinamasi vilivyoleta mpunga vilileta pia malaria, ugonjwa ambao msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa.

Mashamba ya mpunga yalikuwa mazalia bora ya mbu, na vimelea hatari zaidi vya malaria vilifika Amerika kutoka Afrika pamoja na meli za watumwa. Kila kiangazi na mwanzo wa majira ya vuli homa iliingia majumbani. Familia nyingi za Midway ziliwazika watoto wao.

Wakati huo hakuna aliyejua uhusiano wa mbu na homa. Waliamini kuwa ugonjwa ulitokana na hewa mbaya iliyopanda kutoka kwenye matope. Kimelea cha malaria kilitambuliwa mwaka 1880 na tabibu wa Kifaransa, Alphonse Laveran, na mwaka 1897 Ronald Ross akathibitisha akiwa India kwamba mbu hukibeba.

Matabibu wa zama za Hall walikuwa na silaha moja iliyofanya kazi, nayo ni unga wa gome la mti wa mkwinini kutoka Amerika Kusini. Zaidi ya hapo walimtoa mgonjwa damu na kumpa dawa za kuharisha, matibabu ambayo mara nyingi yalimdhoofisha zaidi.

Wenye uwezo walihamia Sunbury wakati wa joto, ambako upepo wa bahari uliaminika kufukuza hewa mbaya. Watumwa walibaki mashambani. Wenye mashamba walidai kwamba Mwafrika hadhuriki na homa. Ni kweli kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika hurithi kinga dhidi ya aina fulani za malaria, lakini kinga hiyo si kamili, na vifo vya watoto wa watumwa katika mashamba ya mpunga vilikuwa vingi mno.

Parokia iliyotuma mjumbe wake peke yake

Mgogoro kati ya makoloni na serikali ya Uingereza ulipopamba moto, Georgia ilisitasita. Koloni hilo lilikuwa dogo, lilipokea fedha za uendeshaji kutoka Bunge la Uingereza, na lilitegemea askari wa mfalme endapo vita vingezuka na watu wa kabila la Creek waliopakana nalo. Gavana James Wright naye alikuwa mtawala hodari aliyejua kuwabana wapinzani.

Mwaka 1774 makoloni mengine 12 yalipokutana Philadelphia katika Bunge la kwanza la Bara, kiti cha Georgia kilikuwa kitupu.

Parokia ya St John, iliyojumuisha Midway na Sunbury, haikukubali aibu hiyo. Watu wake walikuwa na ndugu na marafiki Massachusetts, ambako bandari ya Boston ilikuwa imefungwa na serikali kama adhabu baada ya chai ya Waingereza kumwagwa baharini mwaka 1773. Waliwapelekea wenzao msaada wa mchele, na walipoona wajumbe wa Georgia wanazidi kujikokota, waliamua kujitenga nao.

Machi 1775 walimchagua Dk Hall kuwa mjumbe wa parokia hiyo pekee. Mei 13 mwaka huohuo alipokewa katika Bunge la Bara. Kwa kuwa kura zilipigwa kwa koloni, na yeye hakuwakilisha koloni, aliruhusiwa kuzungumza na kujadili bila kupiga kura.

Miezi miwili baadaye Georgia nzima ilijiunga na harakati na kuchagua wajumbe kamili, Hall akiwa mmoja wao. Katiba ya Georgia ya mwaka 1777 iliunganisha parokia hiyo na majirani zake na kuunda Kaunti ya Liberty, yaani Uhuru, kwa heshima ya waliotangulia kuidai haki.

Kifungu kilichofutwa

Julai 1776 Tamko la Uhuru lilipojadiliwa, Georgia iliwakilishwa na Gwinnett, Hall na Walton. Tamko hilo linasema kuwa watu wote wameumbwa sawa, na kwamba wamepewa na Muumba haki zisizoweza kuondolewa, zikiwamo uhai na uhuru.

Rasimu ya kwanza, iliyoandikwa na Jefferson, ilikuwa na kifungu kilichomshutumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa. Kifungu hicho kiliondolewa kabla ya tamko kupitishwa.

Jefferson mwenyewe aliandika baadaye kwamba kiliondolewa ili kuziridhisha South Carolina na Georgia, ambazo hazikuwahi kujaribu kuzuia uingizaji wa watumwa. Aliongeza kwamba hata watu wa kaskazini waliona haya, kwani meli zao zilikuwa zimewabeba watumwa hao. Jefferson naye hakuwa msafi: katika maisha yake alimiliki zaidi ya watumwa 600.

Wapo wanaosema kwamba si haki kuwahukumu watu wa karne ya 18 kwa mizani ya leo. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini kwa upande wa Georgia ushahidi upo kwamba mizani hiyo ilikuwapo wakati uleule na palepale.

Januari 1775, majirani wa Hall katika mji wa Darien, kusini kidogo ya Midway, walipitisha azimio lililolaani utumwa na kuutaja kuwa kinyume cha maumbile na hatari kwa uhuru wa watu wote. Kamati yao iliongozwa na Lachlan McIntosh, mkulima mkubwa ambaye naye alimiliki watumwa. Azimio hilo halikutekelezwa. Hata hivyo linaonyesha kwamba watu wa pwani ile walijua walichokuwa wakikifanya.

Hall alitia sahihi yake katika tamko akiwa miongoni mwa matabibu wachache waliofanya hivyo, pamoja na Benjamin Rush wa Pennsylvania, Josiah Bartlett na Matthew Thornton wa New Hampshire. Kwa mujibu wa sheria za Uingereza, kitendo hicho kilikuwa uhaini, na adhabu yake ilikuwa kifo.

Risasi, moto na ukimbizi

Gharama haikuchelewa. Mei 16, 1777, rafiki na jirani yake Hall, Button Gwinnett, alipigana kwa bastola na McIntosh yuleyule wa Darien, baada ya wawili hao kugombana juu ya uongozi wa jeshi na safari ya kivita ya Florida iliyoshindwa. Wote walijeruhiwa. Gwinnett alifariki dunia siku tatu baadaye. Hall alishinikiza McIntosh afikishwe mahakamani, lakini mahakama ilimwachia huru.

Novemba 1778 majeshi ya Uingereza kutoka Florida yalivamia eneo la Midway na kuliteketeza kanisa pamoja na mashamba ya jirani. Desemba 29 mwaka huo Savannah ilianguka, na Januari 1779 ngome ya Sunbury nayo ikatekwa. Mali ya Hall iliharibiwa, naye akawa mkimbizi pamoja na mkewe Mary na mwanawe wa pekee, John.

Kwa Waafrika waliokuwa mashambani, vita hivyo vilikuwa na sura nyingine. Mwaka 1779 jenerali wa Uingereza, Henry Clinton, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi atakayekimbilia upande wa Waingereza atapewa hifadhi. Maelfu walikimbia. Kwao, bendera ya mfalme aliyeitwa dhalimu katika tamko ndiyo iliyokuwa bendera ya ukombozi.

Mmoja wa waliochukua njia hiyo alikuwa David George, mtumwa wa Silver Bluff, kando ya Mto Savannah, aliyekuwa mhubiri wa Kibaptisti. Alijiunga na Waingereza, akapelekwa Nova Scotia, Canada, na mwaka 1792 akavuka bahari kwenda barani Afrika akiwa miongoni mwa waanzilishi wa Freetown, Sierra Leone. Wengine hawakubahatika, kwani Waingereza pia waliwachukua watumwa wengi kama mali na kuwapeleka visiwa vya Karibi.

Gavana na chuo

Waingereza waliondoka Savannah Julai 1782. Hall alirejea, akaanza tena kutibu wagonjwa, na Januari 1783 Bunge la Georgia lilimchagua kuwa gavana kwa muhula wa mwaka mmoja.

Alikuta hazina tupu, mashamba yaliyoachwa na migogoro ya mali za waliomuunga mkono mfalme. Wakati wa uongozi wake Georgia pia ilisaini mikataba mjini Augusta, iliyochukua ardhi kutoka kwa Wacherokee na Wacreek. Viongozi wengi wa Creek waliukana mkataba waliofungishwa, wakisema waliotia saini hawakuwa na idhini ya taifa lao. Damu iliendelea kumwagika mpakani kwa miaka mingi baadaye.

Kati ya yote aliyoyafanya, moja limedumu. Julai 1783 alilishauri Bunge litenge ardhi kwa ajili ya taasisi ya elimu, akisema kwamba serikali njema hujengwa juu ya watu waliofundishwa. Mwaka 1784 zilitengwa ekari 40,000, na Januari 27, 1785 hati ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Georgia ilipitishwa. Ndicho chuo kikuu cha kwanza nchini Marekani kupewa hati na serikali ya jimbo.

Hall hakuishi kuona wanafunzi wa kwanza, ambao waliingia darasani mwaka 1801. Mwaka 1790 alihamia shamba la Shell Bluff katika Kaunti ya Burke, kando ya Mto Savannah, na Oktoba 19 mwaka huohuo akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 66.

Mwaka 1848 mabaki yake yalihamishiwa Augusta na kuzikwa pamoja na ya George Walton chini ya mnara wa kumbukumbu uliojengwa kwa heshima ya watia saini wa Georgia. Mabaki ya Gwinnett hayakupatikana.

Deni lililolipwa polepole

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865, miaka 75 baada ya kifo cha tabibu huyo, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoua mamia ya maelfu ya watu. Sheria za ubaguzi zilizofuata ziliufunga mlango wa chuo alichokiasisi dhidi ya watu weusi.

Mlango huo ulifunguliwa kwa amri ya mahakama Januari 1961, miaka 176 tangu chuo kupewa hati, walipoingia wanafunzi wawili, Charlayne Hunter na Hamilton Holmes. Wazungu walifanya ghasia nje ya bweni la Hunter, na wote wawili wakasimamishwa kwa muda kabla ya mahakama kuamuru warudishwe.

Hunter alikuja kuwa mwandishi wa habari mashuhuri, aliyefanya kazi pia Afrika Kusini. Holmes alisomea utabibu na kuwa daktari bingwa wa mifupa, kazi ileile iliyompeleka Lyman Hall katika vinamasi vya Georgia.

Huko Midway kwenyewe, baada ya vita, shule ya watoto wa waliokuwa watumwa ilifunguliwa na kuitwa Dorchester, jina walilokuja nalo Wapuritani. Mapema mwaka 1963 Dk Martin Luther King na wenzake walikutana katika majengo hayo kupanga kampeni ya Birmingham, iliyotikisa ubaguzi wa rangi Marekani nzima.

Hivyo, katika kaunti iliyopewa jina la uhuru kwa sababu ya Lyman Hall na majirani zake, maneno aliyoyatia saini yalidaiwa upya na watu ambao yeye na wenzake waliwaacha nje ya hesabu.